Lebo ya Ujerumani inataka kuigawa albamu yangu bure, nikubali?

Shikamoo dada,

Pole na majukumu, na asante kwa hii safu maana wengine huku mikoani hatuna wa kumuuliza mambo haya. Mi ni kijana wa Tanga, nafanya muziki ambao hata kuuelezea ni kazi, siyo bongofleva, siyo singeli, hamna mtu anaimba mwanzo mwisho, ukiusikia mara ya kwanza unaweza kudhani spika imepasuka. Narekodi sauti za huku kwetu kwa simu na kirekoda cha mkononi nilichonunua mtumba, mnada wa samaki Deep Sea, mvua kwenye bati, mafundi seremala wakipiga randa, mjomba anafanya kazi shamba la mkonge akanipeleka nikarekodi korona, ile mashine ya mkonge, inavyosaga majani, ile sauti dada unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni, afu naziingiza kwenye laptopu nazikata, nazivuta, napunguza spidi mpaka inakuwa kitu kingine kabisa. Huku mtaani wanaoelewa ni wachache ila kwenye intaneti nimekuta watu wa aina yangu wapo kila nchi.

Nimemaliza albamu, traki saba. Mbili niliziweka mtandaoni bila mpango wowote, nikapata imeili kutoka lebo moja ndogo ya Ujerumani wanasema wanaitaka albamu nzima. Hawatoi hela. Wanataka kuiweka watu waidaunlodi bure, kwa leseni ya Creative Commons BY-NC-SA 4.0, kwenye Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, na kwenye ukurasa wao wa Bandcamp, tovuti ambayo wanamuziki wanauzia kazi zao. Wametuma na mkataba wa kurasa mbili, na humo kuna sentensi inasema nawapa haki ya kipekee ya albamu kwa miaka mitano.

Hapo ndo nimekwama. Kaka yangu anasema hamna mtu anatoa kitu bure, wataiuza huko kwao mi nibaki naangalia. Rafiki yangu wa Dar ananiambia niachane nao, niipeleke Spotify kupitia hizi kampuni za kusambaza, niwashe na ile Content ID ya YouTube, inayotambua muziki wako kwenye video za watu, kila atakayetumia nile hela. Afu kuna dada mmoja anasomea filamu Nairobi anatengeneza filamu ya wafanyakazi wa mashamba, anaitaka hiyo traki ya korona na ana hela kidogo ya kunipa, lakini anataka jibu mapema.

Kuna mambo mengine matatu niyaseme yote. Traki ya tatu nimesampo taarab kwenye kaseti ya zamani ya mama, kipande kifupi tu, nimekigeuza nyuma mbele nikakivuta, sidhani kama kuna mtu atakitambua. Traki ya mwisho ni bibi yangu na wenzake wa kikundi wakiimba lelemama uani, walijua narekodi ila hawakujua ni ya nini. Na traki mbili za katikati nilifanya na jamaa yangu wa Mombasa, yeye ndo alipiga sinthi, sa hivi hatuongei, tulikosana kwa ishu ya hela ya spika.

Nikubali au nikatae? Nikishatoa bure naweza kurudi nyuma baadaye nikiwa mkubwa? Na nianzie COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, au hamna haja?

Mkata Sauti, Tanga

*

Marahaba mdogo wangu,

Linki ulizoweka nimefungua, traki ya korona nimeirudia mara kadhaa kwa hedifoni, na nataka uanze kwa kulijua hilo, hiki ulichotengeneza ni kizuri na kinastahili kusikika mbali. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba lebo wakubalie, lakini usisaini hiyo karatasi ilivyo, na usiwape traki zote saba. Sababu zake ndefu kidogo, nivumilie.

Kaka yako simlaumu hata kidogo. Ukanda wetu huu wanamuziki wameonewa sana, watu wamezeeka hawana kitu na kanda zao zinauzwa kila kona, kwa hiyo mtu akisikia neno bure lazima ashtuke. Ila Creative Commons siyo kuuza na siyo kutupa. Hakimiliki inabaki kwako, unachofanya ni kutangaza mapema ruhusa ambayo kila mtu anayo bila kukupigia simu. Hizi leseni za kwanza zilitoka Desemba 2002 Marekani, na hii 4.0 unayotajiwa ni toleo la 2013 ambalo liliandikwa lifanye kazi nchi yoyote, Tanga ama Berlin, bila kila nchi kuandika ya kwake. Zile herufi ndo masharti yenyewe: BY anitaje jina, NC asifanyie biashara, SA akitengeneza kitu kipya kutokana na changu akitoe kwa leseni ileile, na ND (ambayo wewe hujapewa) asibadilishe chochote. Kwa hiyo anayeidaunlodi albamu yako kwa BY-NC-SA anaruhusiwa kusikiliza, kumpa mwenzake, kuipiga bila kuingiza hela, kuikatakata akatengeneza yake kama wewe unavyokata sauti za Deep Sea. Haruhusiwi kuiweka kwenye tangazo la soda. Akiiweka, ruhusa yake inakufa hapohapo na amekuwa mwizi wa kawaida mbele ya sheria, ingawa akirekebisha ndani ya siku 30 tangu agundue kosa ruhusa inamrudia.

Sasa swali lako la kurudi nyuma, hili lisome polepole kuliko mengine yote. Hapana, hurudi nyuma. Leseni ya Creative Commons haifutiki. Unaweza kesho kuitoa albamu kwenye ukurasa wako, unaweza kuacha kuigawa, hiyo ni haki yako, lakini aliyeipata jana kwa leseni ile anaendelea nayo na anaweza kumpa mwingine kwa masharti yaleyale mpaka hakimiliki yako iishe, na kwa sheria yetu ya 1999 hakimiliki ni maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Watu wengi wanabofya kile kiboksi cha leseni wakati wanaapulodi kama wanavyobofya nakubali kwenye programu yoyote, hawajui kwamba pale wamezungumza na dunia nzima na maneno hayarudi. Ndo maana nakwambia kabla ya kuuliza herufi gani, uliza traki gani. Traki ambayo ukiiwaza miaka kumi mbele bado unafurahi kuwa ipo kwa watu, toa. Ambayo moyo unasita, iache nyumbani, hamna anayekudai traki saba.

Na usiwaze kwamba NC ni fensi inayokufungia hela nje. Leseni hizi hazimfungi mwenye kazi, zinamfunga anayetumia. Wewe mwenyewe unabaki huru kumpa mtu mwingine ruhusa tofauti, kwa bei. Mfano mkubwa unaujua hata kama hujui kwamba unaujua. Mwaka 2008 Nine Inch Nails, bendi ya Marekani, walitoa albamu ya Ghosts I–IV, muziki wa ala tupu, wa majaribio kama wako, kwa leseni hiyohiyo ya BY-NC-SA, sehemu ya kwanza bure kabisa na iliyobaki wakauza, wiki ya kwanza zikaingia zaidi ya dola milioni 1.6. Miaka inapita, prodyuza mmoja kijana wa Uholanzi akasampo kipande cha mle akatengeneza biti akaiweka mtandaoni, Lil Nas X akainunua dola 30, ikawa Old Town Road, 2019 ikakaa namba moja Marekani wiki 19. Hiyo sasa ni biashara, na NC hairuhusu biashara, ikabidi kuzungumza na wenyewe, na leo ukiangalia majina ya watunzi na maprodyuza wa ule wimbo Trent Reznor na Atticus Ross, waliotengeneza Ghosts, wamo. Wao wana jina na mawakili, najua, wewe hutapata wiki ya namna ile. Lakini njia iliyotumika ni ileile iliyo wazi kwako: kugawa kwa asiyefanya biashara, na anayefanya biashara aje mlangoni.

Huyo dada wa Nairobi ni mtu aliyekuja mlangoni. Na hapa kuna kitu ambacho watu wa muziki wengi hawajakiona kwenye ile leseni, kwamba muziki ukipangwa uende sambamba na picha za video, toleo la 4.0 linasema wazi hiyo inahesabika kuwa kazi mpya iliyotokana na yako. Maana yake, akiichukua traki ya korona kwa BY-NC-SA, filamu yake yote itabidi nayo itoke kwa BY-NC-SA, na siku televisheni ikitaka kuinunua au tamasha likitaka kumlipa atakwama. Ingekuwa ND ndo kabisa, asingeruhusiwa hata kuipanga na picha akaitoa. Kwa hiyo yeye usimpe Creative Commons. Mwandikie ruhusa yake mahususi, ukurasa mmoja unatosha: traki ipi, filamu gani, anaweza kuionyesha wapi na kwa muda gani, jina lako liandikweje mwishoni, anakulipa kiasi gani na lini, na kwamba ruhusa hiyo siyo ya kipekee, yaani wewe bado unaweza kuitumia traki popote. Saini yako, saini yake, basi. Hela hata ikiwa ndogo ichukue, na kama chuo chake kina fomu zake zisome uone hazidai zaidi ya hayo. Kitu kimoja tu, muulize mjomba kama uongozi wa shamba walijua unarekodi. Sauti ya mashine haina hakimiliki ya mtu, rekodi ya hiyo sauti ni yako, ila kama uliingia bila ruhusa ya wenye kiwanda na filamu yenyewe inawahusu wafanyakazi, anayeweza kupata matatizo ni mjomba, na huyo ana familia.

Sasa turudi kwenye ule mkataba. Ile sentensi ya haki ya kipekee kwa miaka mitano ndo iliyonikera. Ukiisaini, kila nilichokueleza hapo juu kinafungwa, huwezi tena kumpa wa Nairobi bila wao, huwezi kuiweka kwenye ukurasa wako mwenyewe bila wao, na hawakulipi kitu. Lebo inayogawa muziki kwa Creative Commons haina haja ya haki ya kipekee, leseni yenyewe inawaruhusu kuigawa bila biashara, kama inavyomruhusu mtu yeyote. Inawezekana kabisa siyo wabaya, lebo nyingi ndogo zinakopi mkataba kutoka sehemu nyingine hazijausoma. Kwa hiyo waandikie kwa heshima, waambie unakubali BY-NC-SA, ile sentensi ibadilishwe isomeke kwamba unawapa ruhusa isiyo ya kipekee, na ruhusa zote za kibiashara, filamu, matangazo, michezo ya kompyuta, zinabaki kwako. Waulize pia kuhusu hiyo Bandcamp, kwa sababu pale kuna utaratibu wa msikilizaji kulipa anachotaka hata kama bei imewekwa sifuri, na watu wa muziki huu huwa wanalipa kweli. Bandcamp inakata asilimia 15 kwenye muziki wa kidijitali, na makato ya malipo juu yake, inayobaki iandikwe kwenye karatasi inagawanywaje. Mi ningedai angalau nusu. Wakikataa kubadilisha ile sentensi waache, na hutakuwa umepoteza kitu, Internet Archive unaweza kuapulodi mwenyewe leo, ni bure, inapokea faili za FLAC, zile zisizopunguza ubora wa sauti, na inakuruhusu kuchagua leseni, na lebo za mtandaoni za muziki kama huu zimekuwa zikiweka kazi zao pale kwa miaka mingi.

Tukishamaliza hayo nije kwenye kile ambacho kwa kweli kilinifanya niichague barua yako. Huwezi kugawa usichokuwa nacho. Leseni ya Creative Commons inayotoka kwako inaruhusu vilivyo vyako tu, ukiiweka juu ya kitu cha mtu mwingine hujampa msikilizaji ruhusa yoyote, umempa matatizo, maana yeye ataamini ataikata ataitumia na mwenyewe atamfuata.

Ile taarab. Kuigeuza nyuma mbele na kuivuta hakuifanyi kuwa yako. Pale kuna haki mbili, ya mtunzi wa wimbo na mashairi, na ya aliyerekodi, na mtunzi hata kama alifariki zamani lazima ihesabiwe ile miaka 50 baada yake, na muziki wa Tanga tunaouzungumzia hapa ni wa watu ambao wengine wajukuu zao unasali nao. Huo mji wako ndo ulitoa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, ni muziki ambao pwani nzima imeujenga moyoni. Hapo nakushauri njia mbili. Ya kwanza, tafuta familia, Tanga siyo kubwa, mama yako mwenye kaseti anaweza kukuelekeza mlango kwa mlango, nenda na laptopu uwasikilizishe ulichofanya, uombe. Ya pili, kama hawapatikani au hawataki, toa kile kipande, mtafute mpiga udi au fidla akupigie kitu kipya cha kwako, ukikate hicho. Traki itabadilika, ndiyo. Na usijaribu ile hoja ya kwamba hamna atakayetambua. Siku hizi mashine ndo zinazotambua, na zaidi ya hapo wewe unajua.

Kuna kijana wa Nairobi namheshimu sana, KMRU, anafanya muziki wa namna yako, sauti za mazingira na ukimya mrefu, albamu yake ya Peel ilitoka 2020 kwa lebo ya Editions Mego ya Austria. Babu yake ni marehemu Joseph Kamaru, yule mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018, na huyu mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kwenye Bandcamp, kwa jina la babu, zikiwa zimetajwa ni za nani. Nakutajia kwa sababu ya bibi yako.

Bibi na wenzake walijua unarekodi lakini hawakujua ni ya nini, umeandika hivyo mwenyewe na nimefurahi umeandika. Kukubali kurekodiwa na mjukuu uani siyo kukubali kuwekwa kwenye leseni isiyofutika ambayo mtu wa Kanada anaweza kuichukua sauti yako akaivuta mpaka isitambulike. Waimbaji wana haki zao kwenye sheria, na sheria yetu ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, ukitaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili unatakiwa kuomba kibali, hilo wapigie BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wakuelekeze. Lakini hata kabla ya sheria, hawa ni wazee wako. Wakusanye siku ya kikundi, wasikilizishe traki nzima kwenye spika, siyo kwenye simu, kisha waeleze kwa Kiswahili cha kawaida: hii itasikika nchi za nje, yeyote ataweza kuichukua na kuibadilisha kama hafanyi biashara, na haitarudi tena. Waulize kama kuna maneno humo ambayo hayatakiwi kusikiwa na kila mtu, kwa sababu lelemama ina mafumbo, kuna wimbo waliutungia kikundi kingine au mume wa mtu, na aliyetungiwa yupo mtaa wa pili. Waulize wanataka watajwe kwa majina yao, kwa jina la kikundi, au wasitajwe. Mmoja akikataa, imekataliwa. Wakikubali, warekodi wakikubali au weka vidole gumba kwenye karatasi, na ikitokea hela yoyote mbele ya safari igawiwe kikundi kwanza. Hata wakikubali mi traki hiyo nisingeiweka SA wala leseni yoyote inayoruhusu kukatwa, ningeiweka BY-NC-ND, waisikie ilivyo na waisambaze ilivyo. Albamu moja inaweza kuwa na leseni tofauti kwa kila traki, Bandcamp inakuruhusu kabisa kuchagua moja moja, ila waandikie lebo mapema wasije wakabandika moja kwa zote.

Huyo jamaa wa Mombasa sina maneno mengi. Zile traki mbili ni zenu wote, huwezi kuzitoa bila yeye, na ishu ya spika haihusiani. Mtumie ujumbe leo, mfupi, usitaje spika: kuna lebo inataka zile traki, leseni ni hii, jina lako litatokea hivi, hela ikija nusu kwa nusu, unakubali? Akikubali kwa maandishi, hata WhatsApp, tunza. Akinyamaza, zisubiri. Umebaki na traki tatu safi kabisa hata bila hizo zote, na tatu ni toleo zuri tu.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako wa Dar. Spotify tangu 2024 traki isiyofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haihesabiwi malipo kabisa. Muziki wa dakika kumi na moja wa korona ya mkonge hautafika huko haraka na hamna aibu, haukutengenezwa kwa ajili hiyo. Unaweza kuuweka ili upatikane, ila usiipangie hela. Ile Content ID ndo nakukataza kabisa. YouTube wenyewe wanataka uwe na haki ya kipekee ya unachoingiza mle, na kazi iliyotoka kwa Creative Commons hawaipokei. Ukiiwasha, mtu aliyetumia muziki wako kihalali, anayekutaja jina, anaamka anakuta video yake imedaiwa na wewe. Kinachouma zaidi kinatokea upande wa pili, wapo watu wanadaunlodi muziki wa bure, wanaupeleka kwa wasambazaji kwa jina lao, wanawasha Content ID, halafu mwenye muziki ndo anaonekana mwizi. Kinga yake ni ushahidi: tunza folda za mradi zote na rekodi mbichi kwenye diski mbili, na uwe na ukurasa mmoja wenye tarehe ambapo albamu ilitoka kwanza, Internet Archive inafaa kwa hilo.

COSOTA, ndiyo nenda, ila siyo kwa kuogopa. Hakimiliki yako imeanza siku uliporekodi, haisubiri cheti, na kwa kuwa nchi yetu iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994 inatambulika Ujerumani na Kenya vilevile. Cheti kinakusaidia siku mkibishana. Ukifika huko au kwa chama chochote cha kukusanya mirabaha, kabla ya kukabidhi haki zako uliza swali hili: nikijiunga bado naweza kugawa kazi zangu kwa Creative Commons? Vyama vingi duniani vinachukua haki zako kwa ujumla wake, ukishajiunga huna ruhusa tena ya kutoa ruhusa.

Faili zenyewe zikitoka zisitoke uchi. Ndani ya kila faili jaza jina lako, jina la traki, mwaka, leseni na linki yake, kwa sababu faili ikishatembea kwenye simu tano ule ukurasa wenye maelezo haupo tena. Na andika mwenyewe sentensi ya jinsi ya kukutaja, mtu akope tu abandike, maana wengi wanaokosea kutaja hawana nia mbaya, hawajui waandike nini. Zile sauti mbichi za mvua na randa ambazo hukuzitumia zipeleke Freesound, ile hazina ya sauti ya chuo kikuu cha Pompeu Fabra huko Barcelona, ipo tangu 2005, kule unachagua CC0 (huru bila sharti lolote), BY au BY-NC, na sauti za Tanga kule ni chache mno ukilinganisha na mvua ya Ulaya. Na kabla ya kufungua ukurasa wako wa Bandcamp hakikisha akaunti yako ya PayPal inaweza kupokea hela, siyo kutuma tu, watu wengi wa Bongo wanaligundua hilo siku ya kwanza msikilizaji akishalipa.

Kwa hiyo wiki hii anza na wa Nairobi, karatasi yake haitegemei lebo wala bibi wala mtu wa Mombasa, na isainiwe kabla hujawajibu Wajerumani ili wakija na ile sentensi yao uwaambie traki ya korona tayari ina ruhusa nje. Rasimu ya hiyo karatasi ukiiandika nitumie niipitie kabla hujasaini, na lebo wakijibu nitumie na jibu lao.